Kustaafu mapema ukiwa na watoto: tenga hesabu yao na hesabu yenu

Wengi wanaoongelea kustaafu mapema ni vijana ambao bado hawana mtoto, mtu anaishi peke yake, anaweka akiba nusu ya mshahara alafu anakuambia ni nidhamu tu. Sawa, hongera yake. Ila wewe una watoto wawili watatu, mmoja mguu unakua kila baada ya miezi sita anataka viatu vingine, mwingine kaamka na homa usiku wa manane, mama yako naye ana dawa za kila mwezi, sasa ukichukua ile hesabu ya kijana ukaipachika kwenye nyumba yako unakata tamaa kabla hata hujaanza. Nawaelewa kabisa wanaoacha. Mi na mke wangu tuna watoto watatu, hii safari tumeianza miaka 12 iliyopita, na miaka miwili ya kwanza hatukuweka chochote cha maana kwa sababu tulipiga hesabu ikatuletea namba kubwa mno tukaona haiwezekani, basi tukaendelea kula mshahara wote.

Kitu tulichokuja kukiona baadae ndo kimenifanya niandike haya yote. Gharama za watoto ni kubwa lakini zina mwisho, na gharama zenu nyie wawili hazina mwisho mpaka mnaondoka duniani. Ukizichanganya zote kwenye fungu moja unapata namba ya kutisha ambayo sio ya kweli, ukizisahau za watoto unapata namba tamu ambayo itakuja kukuumbua. Kwahiyo kazi yote inaanzia kwenye kutenganisha.

Na nikisema kustaafu mapema simaanishi lazima ukae tu nyumbani ukiwa na miaka 40. Namaanisha kufika mahali ambapo mshahara unakuwa hiari, ukitaka unafanya kazi nusu siku, ukitaka unabadili kabisa, ukitaka unapumzika, na hakuna mtoto atakayekosa ada kwa sababu ya uamuzi wako.

Kaeni kwanza muongee

Kama una mwenza, usianze na kikokotoo. Anza na maongezi, na yasiwe ya usiku mmoja. Muulize, siku ukiamka Jumatatu na hulazimiki kwenda popote, ungependa siku hiyo iwe vipi? Utashangaa majibu. Mmoja anaweza kuwa anataka kuacha kazi akiwa na 48, mwingine anaipenda kazi yake na anataka kuendelea mpaka 60, na hilo sio tatizo hata kidogo, tena ni msaada mkubwa maana mmoja akiendelea na kazi familia inabaki na bima ya afya na kipato kidogo cha kusukumia siku. Tatizo ni pale ambapo mmoja ameamua kimoyomoyo na mwingine hajui, anashangaa tu kwa nini kila akitaka kununua kitu anakaziwa uso.

Kubalianeni pia kila mmoja awe na hela yake ndogo ya mwezi isiyoulizwa maswali. Iwe ndogo lakini iwe yake. Nimeona plani nzuri kabisa zikivunjika, hesabu ilikuwa sawa, ila mtu alichoka kutoa maelezo kila anaponyoa nywele.

Kama unalea peke yako, kila kitu hapa chini bado kinafanya kazi, ila sehemu ya ngao, yaani bima, wosia na hela ya dharura, isome mara mbili maana hapo nyuma yako hakuna mtu wa pili.

Andika mnachotumia kweli

Miezi mitatu mfululizo andikeni kila kinachotoka. Daftari, simu, jedwali la kompyuta, chochote ambacho hamtakiacha. Alafu ongezeni vile vitu vinavyokuja mara moja kwa mwaka, sare za shule, matengenezo ya gari, bima, safari ya kwenda kuona ndugu, mgawanye kwa 12. Hivi vya mara moja kwa mwaka ndo vinavyowaangusha watu, mtu anakuambia matumizi yangu ya mwezi ni kiasi fulani, kumbe kila mwezi kuna "dharura", na dharura inayokuja kila mwaka mwezi ule ule ni bili ya kawaida tu.

Alafu sasa ndo mnagawa. Kila mstari uingie kwenye kapu moja kati ya matatu.

Kapu la kwanza ni lenu la kudumu: sehemu ya kulala, chakula chenu wawili, umeme, maji, usafiri, afya, nguo, starehe zenu. Kapu la pili ni la watoto: ada, daftari, chakula chao, mtu wa kuwaangalia, dawa zao, na ile tofauti ya kodi mnayolipa kwa sababu mnahitaji vyumba vitatu badala ya kimoja. Kapu la tatu ni la wazee, kama mnasaidia wazazi. Hili nalo lina mwisho, sio jambo la kufurahisha kulifikiria lakini mpango lazima uliangalie.

Tuchukue mfano, matumizi yote ya mwezi yawe 100, hiyo 100 iwe hela yoyote unayotumia wewe. Baada ya kugawa mnakuta 55 ni yenu, 35 ya watoto, 10 ya wazazi. Kanuni ya haraka inayotumika sana ni kwamba ili kitu cha kila mwezi kijilipe chenyewe maisha yote unahitaji mtaji wa mara 300 ya hicho kitu (nitaeleza inatoka wapi). Mtu wa haraka haraka anachukua 100 anazidisha kwa 300, anapata 30,000. Hapo ndo sisi tulipokwama.

Sasa fanya kwa makapu. Ile 55 yenu iongeze iwe 60, kwa sababu afya uzeeni inakula zaidi, hapo usijidanganye. 60 mara 300 ni 18,000. Watoto, tuseme siku mnayostaafu mdogo wenu atakuwa amebakiza miaka 8 mpaka ajitegemee, basi ni 35 mara miezi 12 mara miaka 8, inakuja 3,360. Wazazi, wekeni miaka 12, ni 1,440. Jumla 22,800. Ukilinganisha na 30,000 umeshusha mlima karibu robo na hujamnyima mtu yeyote kitu.

Kama kipato chenu ni 150 na mnaweka 50 kila mwezi, na hela inakua asilimia 5 kwa mwaka juu ya mfumuko wa bei, kufika 30,000 kunachukua karibu miaka 26, kufika 22,800 ni karibu miaka 22. Miaka minne ya maisha yenu iko kwenye namna ya kupiga hesabu tu.

Hapo kwa watoto nimefanya kama hela yao haikui, hiyo ni makusudi. Ada huwa zinapanda, na acha kile kidogo ambacho hela itazaa kipambane na kupanda huko. Kama mnategemea chuo, weka juu yake kiasi cha chuo peke yake kwa kila mtoto, usikifiche ndani ya wastani wa mwezi. Na ukisogeza tarehe ya kustaafu, miaka iliyobaki ya watoto inabadilika, kwahiyo hii hesabu irudieni kila mwaka, siku moja tu ya mwaka, mkiwa mmetulia.

Hiyo 300 imetoka wapi

Mwaka 1994 mshauri wa fedha wa Marekani, William Bengen, alipitia rekodi za soko la huko kuanzia 1926, akajiuliza mtu anaweza kuchota kiasi gani kila mwaka bila hela kumwishia ndani ya miaka 30. Akapata kwamba ukichota asilimia 4 ya mtaji mwaka wa kwanza, alafu kila mwaka ukaongeza kulingana na mfumuko wa bei, hela zilizogawanywa kati ya hisa na hatifungani (yaani unaikopesha serikali au kampuni, inakulipa riba) zilidumu hata kwa waliostaafu nyakati mbaya kabisa. Mwaka 1998 maprofesa watatu wa chuo kikuu cha Trinity kule Texas wakafanya uchunguzi unaofanana na huo na ndo kanuni ikasambaa. Asilimia 4 maana yake mtaji wa mara 25 ya matumizi ya mwaka, na mara 25 ya mwaka ndo mara 300 ya mwezi.

Ila jamani, isomeni vizuri hiyo kanuni. Ni rekodi za nchi moja iliyokuwa na bahati nzuri kwenye masoko, na ni miaka 30. Ukiacha kazi na miaka 50 na ukaishi mpaka 90 hiyo ni 40. Mi binafsi kapu letu la kudumu nalizidisha kwa 350, na anayeacha kabisa kabla ya 45 ningemwambia asogee kwenye 400, yaani achote asilimia 3 tu. Na kama sehemu unayoishi bei zinapanda kwa kasi, usiangalie riba kwenye karatasi, toa mfumuko wa bei kwanza. Riba ya 9 kwenye nchi ambayo bei zinapanda 8 ni 1 tu.

Itachukua miaka mingapi

Kinachoamua sio ukubwa wa mshahara, ni sehemu gani ya mshahara inabaki. Ukianzia sifuri na hela ikakua asilimia 5 juu ya mfumuko, ukiweka asilimia 10 ya kipato unahitaji kama miaka 51, asilimia 20 miaka 37, asilimia 30 miaka 28, asilimia 40 chini ya 22, na nusu kwa nusu karibu 17. Sababu ya kushuka kwa kasi hivyo ni kwamba kila unachoacha kutumia kinafanya kazi mbili, kinaongeza akiba na hapo hapo kinapunguza mtaji unaouhitaji.

Sasa mwenye familia hawezi kuweka asilimia ile ile miaka yote, na hapa ndo wazazi wengi wanajilaumu bure. Akiba ya familia inakwenda kwa mawimbi. Kabla ya mtoto wa kwanza mnaweza kuweka nyingi. Watoto wakiwa wachanga inashuka sana kwa sababu ya malezi, au kwa sababu mmoja wenu amepumzika kazi. Wakianza shule ya msingi inapanda kidogo, sekondari na chuo inashuka tena, alafu siku wa mwisho anaondoka nyumbani mnajikuta na 35 kila mwezi iliyokuwa ya watoto, na kama hamkuipangia kazi mapema itamezwa na matumizi mapya bila nyie kujua. Ile miaka baada ya watoto kuondoka, ikiwa bado mnafanya kazi, ni miaka ya dhahabu. Miaka mitano tu ya kuweka 85 badala ya 50 inasogeza mambo mno.

Na kama hamjapata mtoto bado au ndo ana mwaka mmoja, sukumeni sana saa hizi. Hela inayokua asilimia 5 inakuwa mara 3.4 baada ya miaka 25. Mkiwa na 5,000 mkiwa na umri wa miaka 35, hata msipoongeza chochote tena inakaribia 17,000 mkifika 60. Yaani inawezekana kabisa kuweka kwa nguvu miaka saba nane ya mwanzo, alafu mkaiacha ile hela ijikuze yenyewe wakati nyie mnapambana na ada. Sisi hatukufanya hivyo mapema na ndo kitu pekee ningerudi nyuma kukirekebisha.

Pa kukaza na pa kulegeza

Watu wakisikia kubana matumizi wanakimbilia vitu vidogo, kahawa, vocha, na wanaishia kugombana nyumbani kwa vitu visivyobadili chochote. Vitu vikubwa ni makazi, usafiri na shule. Lakini hata hivyo vitatu havifanani, na hapa ile kanuni ya makapu inasaidia tena. Tuseme mnahamia nyumba kubwa zaidi inayowaongezea 5 kila mwezi na mtaishi humo mpaka uzeeni, hiyo ni 5 mara 300, mtaji wa 1,500. Shule bora inayowaongezea 5 kila mwezi kwa miaka 12 ni 720, alafu imeisha. Kwa mwezi ni hela ile ile, kwenye mpango moja ni nusu ya nyingine. Kwahiyo mi ninapolazimika kuchagua nakaza kwenye vya kudumu na nalegeza kidogo kwenye vya watoto. Gari la mkopo ambalo kila likichakaa linabadilishwa na lingine la mkopo, hilo ni la kudumu hata kama kila mkopo una mwisho wake.

Sio kwamba kila ada ni halali. Kama shule inawala mpaka hakuna kinachobaki, hiyo shule ni ya familia nyingine. Mtoto anahitaji zaidi mzazi ambaye jioni bado ana nguvu ya kukaa naye kwenye kazi za shule.

Mbinu ya kuweka ni moja tu inayodumu: hela ya akiba iondoke siku ile ile mshahara unapoingia, kwa maelekezo ya kudumu benki, sio mwisho wa mwezi ukiangalia kilichobaki, maana hakibaki. Na kila nyongeza ya mshahara igaweni nusu, nusu iende akiba, nusu ifurahishe familia. Tumefanya hivyo kwa kila nyongeza na watoto hawajawahi kuhisi wamenyimwa, kwa sababu maisha yao yalikuwa yanapanda, ila taratibu kuliko kipato.

Madeni. Deni la riba kubwa limalizwe kabla ya kuwekeza popote. Kuna hesabu ya mkato, chukua 72 gawanya kwa riba, unapata miaka ambayo hela inajizidisha mara mbili. Deni la asilimia 24 usipoligusa linakuwa mara mbili ndani ya miaka mitatu. Hakuna uwekezaji halali utakaokimbia kuliko hilo, kwahiyo kulilipa ndo uwekezaji wenyewe.

Ngao kwanza

Kijana asiye na mtoto akiumwa au akipoteza kazi anarudi kwao. Wewe huna pa kurudi na watoto watatu. Kwahiyo kabla ya hisa na viwanja, wekeni hela ya dharura ya matumizi ya miezi 6, na kama kipato ni cha mtu mmoja au hakina uhakika iende mpaka 12. Ikae sehemu inayochukulika siku hiyo hiyo, isiwe kwenye kitu cha kuuza kwanza.

Bima ya afya ya familia nzima, hapo hamna mjadala, kulazwa mara moja kunaweza kufuta akiba ya miaka kumi. Bima ya maisha, ile ya muda maalum, mnayolipa kwa miaka kadhaa mpaka mtoto wa mwisho ajitegemee alafu inaisha. Hii kwa kawaida ni nafuu sana kuliko ile inayochanganywa na uwekezaji, na wakala atakusukumia ile ya kuchanganya kwa sababu malipo anayopata yeye ni makubwa, we omba ya muda tu na tofauti ya hela ukaiwekeze mwenyewe. Kama mwenza wako anakaa nyumbani na watoto, naye akatiwe. Hebu fikiria ingekugharimu kiasi gani kumlipa mtu afanye yote anayofanya.

Na wosia. Andikeni nani atalea watoto, nani atasimamia hela, na hakikisheni majina ya wanufaika kwenye akaunti na pensheni ni ya sasa hivi, watu wameacha jina la mzazi aliyefariki zamani na familia ikabaki inahangaika. Karatasi moja yenye orodha ya akaunti zote, bima zote, madeni yote, wote wawili mjue iko wapi.

Hela ikae wapi

Igawe kwa muda itakapohitajika. Inayohitajika ndani ya miaka mitano, kama ada ya chuo ya mtoto wa kwanza, isikae kwenye hisa kabisa, ikae kwenye amana ya benki au hatifungani za muda mfupi, soko likishuka mwaka ambao mtoto anaanza chuo hutamwambia asubiri. Inayohitajika baada ya miaka 15 au 20 ikikaa benki tu inaliwa na bei, hiyo inahitaji kitu kinachokua, na kwa mtu asiye na muda wa kuchambua makampuni njia rahisi ni mfuko wa pamoja unaofuata soko zima kwa gharama ndogo, yaani watu wengi wanachangia na mfuko unawanunulia hisa za makampuni mengi kwa mpigo. Mfuko wa kwanza wa namna hiyo kwa watu wa kawaida ulianzishwa 1976 na John Bogle wa Vanguard, kampuni ya uwekezaji ya Marekani, wenzake wakaubeza wakati ule, leo umeenea dunia nzima.

Angalia gharama za mfuko kama unavyoangalia bei ya kiwanja. Hela iliyokua asilimia 5 kwa miaka 30 inakuwa mara 4.3, ikikua asilimia 4 kwa sababu moja imekwenda kwa msimamizi inakuwa mara 3.2. Hiyo asilimia moja imekula robo ya hela yako yote. Bandu bandu huisha gogo.

Kama mwajiri anaongeza chochote juu ya mchango wako wa pensheni, chukua mpaka kikomo, ile ni sehemu ya mshahara wako. Ila kumbuka hela ya pensheni mara nyingi imefungwa mpaka umri wa kisheria, sasa ukiacha kazi na 50 na pensheni inafunguka 60, hiyo miaka kumi katikati unaishi na nini? Lazima kuwe na fungu lingine la daraja, nje ya pensheni, la kuwavusha. Wengi wana hela ya kutosha kabisa ila iko upande wa pili wa mto.

Nyumba ya kupangisha ni nzuri kama unaihesabu kwa ukweli, toa miezi isiyokuwa na mpangaji, toa matengenezo, toa kodi ya serikali, kinachobaki ndo kipato. Na yeyote anayekuahidi asilimia 10 kila mwezi bila hatari, kaa mbali. Asilimia 10 kwa mwezi inafanya hela kuwa zaidi ya mara tatu kwa mwaka, angekuwa nayo kweli asingehitaji hela yako. Nimeshuhudia wazazi wenye busara wakipoteza ada ya watoto hapo, na waliingizwa na mtu wanayempenda.

Chuo au uzee wenu?

Hili linaumiza na linagombanisha. Ikifika mahali hela haitoshi vyote viwili, mzazi anataka kutoa kila kitu kwa mtoto. Naomba ufikirie hivi: ukifika miaka 70 huna kitu, bili yako ataletewa yule yule mtoto, wakati ambao na yeye analea. Kwahiyo akiba yenu isisimame kabisa kwa ajili ya chuo. Ipunguzeni kwa miaka ile mitatu minne, msiiguse iliyokwisha wekwa, na mtoto aambiwe mapema, akiwa na 13 au 14 hivi, nyumbani kuna kiasi gani cha chuo na kinachozidi hapo tutatafuta pamoja. Watoto wanaelewa kuliko tunavyodhani. Binti yetu mkubwa alipoonyeshwa zile namba ndo akaanza mwenyewe kutafuta nafasi za ufadhili, hatukumtuma.

Kabla ya kuandika barua ya kuacha kazi

Mkishakaribia ile namba, msiache kazi kwanza. Ishini miezi sita kwa bajeti ya kustaafu, mshahara wote uende akiba, mtaona pale pale palipokosewa. Hapo ndo unagundua simu na intaneti vilikuwa vinalipwa na kazini, au usafiri.

Miaka ya mwanzo ndo ya hatari zaidi. Tuseme una 30,000 unachota 1,200 kwa mwaka, soko likashuka asilimia 30 mwaka ule ule wa kwanza, unabaki na kama 20,160, na ile 1,200 sasa ni karibu asilimia 6 ya mtaji, hapo hela inaweza isipone. Kushuka huko huko kungekuja mwaka wa 20 kusingekutisha. Kwahiyo wekeni matumizi ya miaka miwili au mitatu kwenye sehemu tulivu, soko likishuka mnakula hiyo na hamuuzi hisa kwa bei ya kutupa.

Na msidharau kazi ndogo. Kazi ya siku mbili kwa wiki inayoingiza 20 kwa mwezi inapunguza mtaji unaohitajika kwa 6,000 kwa muda wote unaoifanya. Kwa familia nyingi hii ndo njia inayowezekana kweli, sio kuacha kazi kwa mkupuo, mmoja anapunguza kwanza anakuwa nyumbani watoto wakirudi kutoka shule, mwingine anafuata baada ya miaka mitatu minne. Sisi ndo tunavyofanya, mke wangu amepunguza kazi tangu mwaka jana, mimi nimebakiza miaka kama mitano.

Siku ya kuandika barua yenyewe, hakikisha bima mpya ya afya ya familia imeshaanza kufanya kazi na kadi ziko mkononi, watoto wote wamepimwa meno na macho kwenye bima ya zamani, na kama kuna mkopo wowote mnaouhitaji, mfano wa kumalizia nyumba, uwe umeshapitishwa wakati bado una karatasi ya mshahara, maana ukishaacha kazi benki nyingi hazitakutazama tena hata kama akaunti yako imejaa.